Vijana wa Mantapala, gitaa letu lipo

Vijana wa makazi yetu ya wakimbizi ya Mantapala wanatunga nyimbo kila leo. Mdundo wanaupata tayari kwenye simu, mara wa Lusaka, mara wa Lagos, kisha wanaimba juu yake habari za kupendwa na kuachwa. Sauti wanazo, tena nzuri. Ninachosema ni kwamba mdundo wa kuazima hauyabebi yale waliyoyaona kati ya Pweto, kule Kongo, na huku ng'ambo ya ziwa Mweru, na gitaa la kuyabeba tunalo.

Namtaja mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akiwa kijana anayepiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada. Gumba linashika besi, shahada inaimba juu yake. Ukifumba macho utaapa kwamba wapigaji ni wawili. Naye aliimba Kiswahili hiki hiki chetu cha Katanga. Mwaka 1969 alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani. Ajali ya gari ilimuua mwaka 1990, hapa hapa Zambia.

Vijana hunijibu, "Mzee, huo muziki wa mababu." Ndipo ninapowawekea Michael Kiwanuka, mwimbaji wa soul aliyezaliwa London mwaka 1987, wazazi wake Waganda waliokimbia utawala wa Idi Amin. Yeye alirudi kwenye sauti za miaka ya 1970: gitaa, besi iliyotulia, fidla, waitikiaji, na maneno machache aliyoyapima. Alipoingia mkataba wake wa kwanza aliulizwa atajiitaje. Akabaki Kiwanuka, na albamu aliyoipa jina hilo ikashinda tuzo ya muziki ya Mercury mwaka 2020. Mtoto wa wakimbizi huyo! Sikilizeni anavyoacha nafasi kati ya mstari na mstari. Aliyeumia hasemi mbiombio.

Sitaki Bosco aigwe noti kwa noti. Tumo mkoani Luapula, nyumbani kwa kalindula, lile gitaa la besi, na banjo za kuunda kwa mkono, na Kibemba cha wenyeji wetu, wengi wetu tulikizoea tangu kule Kongo. Binti atakayeishika kalindula na vile vidole viwili, akasimulia kwa Kiswahili chake nani alizikwa njiani na nani hajulikani alipo, huyo atakuwa ametupa soul yetu wenyewe.

Basi mashirika yanayotuletea mipira na jezi yaongeze magitaa, pamoja na nyuzi za akiba, maana uzi ukikatika hapa kijana hubaki na tano kwa miezi. Na wazee wanaojua vidole viwili walipwe kufundisha, sawa na fundi anayefundisha cherehani.