Ukipewa ujumbe, usilale nao!

Wiki hii sina habari za mapenzi wala za mitindo. Nina kidonda, na nakionyesha ili msije mkajikwaa palepale.

Si mnajua tena, mimi na wenzangu watatu tunabuni kadi za sherehe. Ofisi hatuna. Mmoja yuko Kigamboni, mmoja Mbezi, mmoja Arusha, na mie nimejibanza Sinza na kompyuta juu ya meza ya chakula. Pango la ofisi hatulipi, daladala hatugombanii. Raha mustarehe!

Basi akaja dada mmoja na kadi 300 za harusi. Maandishi akaleta kwa barua pepe, rangi tukajadili kwenye grupu la WhatsApp, bei tukapatana kwa simu. Kisha, saa nne usiku, akaniachia ujumbe wa sauti mimi peke yangu: ukumbi umebadilika. Nikamjibu, "Sawa dada," nikalala zangu. Asubuhi yule wa Kigamboni, ambaye hana habari, akachukua faili la kwenye barua pepe akalipeleka kwa mchapaji. Kadi 300 zikatoka zinang'aa, zote zinawapeleka watu kwenye ukumbi usio na harusi!

Tulichapa upya kwa hela zetu. Lakini kilichoniuma ni kingine. Siku nzima mwenzangu alisutwa kwenye grupu, akaomba radhi kwa kosa lisilo lake, nami kimyaa. Jioni ndipo nikajitutumua: jamani, ule ujumbe nilikuwa nao mimi.

Kwa kweli hata wakubwa wamepitia shida ya kukaa mbalimbali. Slack, programu ya mawasiliano ya kazini, ilianzia hapo. Kampuni ya Stewart Butterfield ilikuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta uitwao Glitch, watu wake wametawanyika miji ya Kanada na Marekani. Wakajiundia chombo cha kuweka mazungumzo na mafaili pamoja, kila mtu aone. Mchezo ukafungwa mwaka 2012, chombo kikabaki, na mwaka 2014 kikazinduliwa rasmi.

Ila msikimbilie kupakua kila programu. Programu tano zisizojuana ni kama wapishi watano kwenye sufuria moja, kila mmoja anatia chumvi yake. Sisi tumeziunganisha hivi: faili ni moja tu, liko Google Drive. Hatutumiani nakala, tunatumiana kiungo, na masahihisho yote yanafanywa humohumo. Kila kazi ina grupu lake. Mteja akipiga simu au akiacha sauti, aliyepokea anaandika kwenye grupu hilo kabla hajaweka simu chini. Siku ya kuchapa iko kwenye kalenda ya pamoja inayotukumbusha wote. Na faili haliendi kwa mchapaji mpaka wawili waandike, "Nimesoma."

Hayo yote hayakutugharimu hata senti. Kadi ndizo zilizotugharimu.

Na wewe unayefanyia kazi sebuleni, mwenzako akikosea, kabla hujamsuta jiulize: habari aliipata, au umeilalia wewe?

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.