Dawa mpya za hemofilia zinalegeza breki ya damu. Tuzipokeeje?

Kati ya Oktoba 2024 na Machi 2025, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilipitisha dawa tatu mpya za hemofilia: marstacimab, concizumab na fitusiran. Habari zake zimeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi, na kliniki naulizwa swali lile lile: "Daktari, ni kweli mtoto hatachomwa tena fakta kwenye mshipa?"

Kwa baadhi ya wagonjwa, na kwa siku nyingi za mwaka, ni kweli. Lakini dawa hizi zinafanya kazi kinyume kabisa na tulivyozoea. Fakta tunayomchoma mtoto inampa kile alichokosa. Dawa hizi mpya hazimpi kitu, zinampunguzia kitu alichonacho. Mzazi asiyeelewa tofauti hiyo anaweza kufanya kosa kubwa siku mtoto atakapoanza kutoka damu, na si mzazi peke yake, hata daktari wa zamu.

Mtoto mwenye hemofilia A ana upungufu wa fakta 8, na mwenye hemofilia B ana upungufu wa fakta 9. Aina A humpata takriban mtoto mmoja wa kiume kati ya 5,000 wanaozaliwa. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hawana ndugu yeyote anayejulikana kuwa na tatizo hilo, kwa hiyo wale shangazi wanaomsema mama kwamba "ametuletea ugonjwa wa kwao" wanyamaze kidogo.

Sasa tuangalie damu yenyewe. Damu haijatulia kama maji ya mtungini, inakimbia. Katika mbio hizo chembe nyekundu hukaa zaidi katikati ya mshipa, na chembe sahani, ambazo ni ndogo zaidi, husukumwa pembeni karibu na ukuta. Ukuta ukichanika, chembe sahani ndizo zilizo jirani. Hunata pale penye jeraha ndani ya muda mfupi sana, hubadilika umbo, huita wenzake na kurundikana. Lakini rundo hilo peke yake ni kama matofali yaliyopangwa bila saruji huku mto unapita juu yake. Saruji ni nyuzi za faibrini, na kinachozitengeneza ni kimeng'enya kiitwacho thrombini. Hicho hicho thrombini ndicho pia kinachoziamsha chembe sahani kwa nguvu kuliko karibu kitu kingine chochote mwilini.

Mtoto mwenye hemofilia ana chembe sahani nzuri tu. Kinachomkwamisha ni uchache wa thrombini. Ndiyo maana wazazi wengi husimulia jambo linalofanana: mtoto alitahiriwa asubuhi, damu ikakata, kila mtu akashukuru, halafu jioni ikaanza tena na haikukata. Rundo la chembe sahani lilijengeka, ila halikupata nyuzi za kulishika, na mwendo wa damu ukalisomba.

Upande wa pili kuna breki. Mwili hauwezi kuacha thrombini itengenezwe ovyo, maana damu yote ingeganda. Kuna protini kadhaa zinazozuia. Antithrombini huikamata thrombini na kuizima. Protini iitwayo TFPI huzuia mchakato pale pale unapoanza. Protini C, ikisaidiwa na protini S, huvunja vichocheo vinavyoongeza kasi, na protini S huisaidia pia TFPI. Linalonivutia zaidi ni kwamba sehemu ya TFPI na ya protini S imehifadhiwa ndani ya chembe sahani zenyewe, na hutolewa pale zinapojikusanya. Kwa maneno mengine, fundi anayejenga ukuta amebeba pia kamba ya kupimia usizidi.

Kwa mtu mzima wa afya, mafuta na breki vinalingana. Mwenye hemofilia ana mafuta kidogo na breki kamili. Wataalamu wakajiuliza: kama kuongeza mafuta ni ghali, ni kazi ngumu, na kwa wengine mwili huyakataa kwa kutengeneza kingamwili dhidi ya fakta (hutokea kwa karibu asilimia 30 ya wenye hemofilia A kali), kwa nini tusilegeze breki? Marstacimab na concizumab huzuia TFPI. Fitusiran hulifanya ini litengeneze antithrombini kidogo zaidi. Zote huchomwa chini ya ngozi: marstacimab mara moja kwa wiki, concizumab kila siku, na fitusiran kwa wagonjwa wengi mara moja katika miezi miwili. Mama aliyewahi kumshika mtoto wa miaka mitatu akilia huku muuguzi akitafuta mshipa kwa mara ya nne anajua maana ya sentensi hiyo.

Na zinafanya kazi. Katika majaribio, matukio ya kutoka damu yalipungua sana, hata kwa wenye kingamwili dhidi ya fakta.

Lakini mwaka 2017 majaribio ya fitusiran yalisimamishwa baada ya mgonjwa mmoja kufariki. Alikuwa na hemofilia A, akapata maumivu ya nyonga baada ya mazoezi, akapewa fakta 8. Kisha akaumwa kichwa sana. Picha ya kichwa ikasomwa kwamba damu inavuja kwenye ubongo, akaongezewa fakta mara kadhaa kwa siku. Picha iliporudiwa kusomwa baadaye, ilionekana kwamba tatizo la mwanzo lilikuwa damu kuganda ndani ya mshipa wa ubongo. Majaribio yaliendelea baadaye kwa masharti ya kupunguza dozi za fakta, yakasimama tena mwaka 2020, na kipimo cha dawa kikabadilishwa ili antithrombini ya mgonjwa ibaki kati ya asilimia 15 na 35. Majaribio ya concizumab nayo yaliwahi kusimamishwa mwaka 2020 kwa sababu ya wagonjwa kupata damu iliyoganda, kabla ya kuendelea kwa tahadhari mpya.

Ukisoma masimulizi hayo taratibu utaona hatari iko wapi hasa. Siku ya kawaida breki iliyolegezwa inalingana na mafuta machache. Siku mtoto anapoumia tukamjaza fakta kwa dozi ya zamani, mafuta yanajaa huku breki imelegea.

Hapa ndipo mjadala unapotuhusu sisi. Sehemu kubwa ya fakta inayotumika katika nchi zetu ni msaada unaopitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, na hufika katika vituo vichache vya miji mikubwa. Anayeishi mbali akitoka damu usiku hukimbizwa hospitali ya wilaya, na huko, kama fakta haipo, hupewa plazma au krayo, kulingana na kilichopo. Kwa familia kama hiyo, sindano sita kwa mwaka, za dawa isiyolazimika kukaa kwenye friji muda wote, ni neema. Siwezi kuwaunga mkono wanaosema dawa hizi ni za nchi tajiri tu. Naona zinatufaa sisi kuliko wao.

Ila chupa ya dawa inasafiri kirahisi kuliko maabara. Fitusiran inahitaji kupima antithrombini mara kwa mara, pamoja na kufuatilia ini na kibofu cha nyongo, kwani imehusishwa na mawe ya nyongo. Kipimo cha antithrombini hakipo katika hospitali zetu nyingi. Siku dawa hizi zitakapoletwa, kwa msaada au kwa kununuliwa, swali la kwanza la viongozi wa afya lisiwe chupa ngapi zimefika bandarini. Liwe: damu ya huyu kijana wa Sumbawanga itapimwa wapi, na daktari wa zamu kule atampigia nani simu saa nane usiku?

Kwa wazazi wa watoto wadogo, vibali vile vya mwanzo vilitolewa kwa wenye miaka 12 na kuendelea. Kwa walio chini ya hapo wenye hemofilia A ipo emicizumab, ambayo haigusi breki, inafanya kazi iliyopaswa kufanywa na fakta 8. Kama mtoto wako yuko kwenye fakta au emicizumab, usimwachishe kwa kusubiri dawa uliyoisoma kwenye simu. Aspirini na diklofenaki bado ni marufuku kwake, na sindano za kwenye msuli ziepukwe.

Na kama mwanao amewahi kuingizwa kwenye mojawapo ya dawa hizi mpya, hapa au nje ya nchi, atembee na kadi yenye jina la dawa, tarehe ya sindano ya mwisho na namba ya daktari wake. Fitusiran hukaa na athari mwilini kwa miezi, hata baada ya kuachwa. Akiumwa kichwa kisivyo kawaida, akivimba mguu mmoja, akibanwa kifua au akianza kuona ukungu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ukifika, toa kadi kabla ya kutaja neno hemofilia, kwa sababu daktari yeyote akilisikia neno hilo kwanza, mkono wake utaenda moja kwa moja kwenye fakta.