Mahafali, Picha za Ukutani na Mtoto Asiyekuwemo



Kila unapokaribia msimu wa mahafali, madrasa na skuli zetu ndogo huingia katika pirikapirika zinazofanana. Turubai hukodiwa, vipaza sauti hujaribiwa tangu asubuhi, mgeni rasmi hutafutwa kwa udi na uvumba, na mudiri husimama kuwasoma wahitimu waliofika mbali: huyu ni daktari, yule ni kadhi, wa tatu yuko Madina masomoni, wa nne ana duka kubwa na ndiye aliyetoa mchele wa leo. Picha zao hutundikwa ofisini, na mzazi anayekuja kuandikisha mtoto huwekewa kiti mkabala nazo. Hatuna ubaya na jambo hilo, kwani kuitaja neema ni katika kuishukuru. Tunalotaka kuliuliza mwezi huu ni jingine: je, picha hizo zinatueleza nini juu ya maisha ya watoto waliomo ndani ya nyumba hizo leo?

Ili tusije tukasema kwa jazba juu ya nyumba zetu wenyewe, tumeona tuanze na skuli iliyo mbali nasi kwa masafa na kwa itikadi, ambayo waalimu wa nchi nyingi wamezozana juu yake kwa zaidi ya miaka 100. Inaitwa Summerhill, na ipo katika mji mdogo wa Leiston, mashariki ya Uingereza. Msomaji asistaajabu. Tumekwenda huko kwa sababu habari zake zimeandikwa na kuhojiwa sana, na kwa sababu ni rahisi zaidi kuuona uso wa mtu mwingine kuliko wa kwetu.

Mwanzilishi wake ni Alexander Sutherland Neill, Mskochi aliyezaliwa mwaka 1883, mtoto wa mwalimu wa kijijini. Alisomeshwa na baba yake mwenyewe, na ule mkanda wa ngozi waliokuwa wakichapiwa watoto wa Uskochi aliujua kwanza kama mwanafunzi, kisha akaushika yeye alipokuwa mwalimu kijana. Mwaka 1921 alifungua skuli yake Hellerau, nje kidogo ya mji wa Dresden, Ujerumani. Ikahamia Austria, kisha Lyme Regis kusini ya Uingereza, na mwaka 1927 ikatua Leiston, ilipo hadi leo, isipokuwa miaka ya Vita Vikuu vya Pili ilipohamishiwa Wales. Neill alifariki mwaka 1973. Mkewe Ena alishika uongozi, na mwaka 1985 ukapokewa na binti yao, Zoë Readhead. Ni skuli ya bweni, ya kulipia, isiyoendeshwa na serikali, na wanafunzi wake siku zote wamekuwa wa kuhesabika kwa makumi.

Iliyoipa umaarufu ni kanuni yake kwamba mtoto haingii darasani ila kwa hiari yake. Hapa tuseme wazi kwamba sisi hatumo. Mtoto hajui lipi litamfaa miaka 20 ijayo, na mzazi au mwalimu anayemwachia uamuzi huo wote ameiweka chini amana aliyokabidhiwa. Aidha, Neill hakutaka dini ifundishwe katika skuli yake, na juu ya hilo hatuna haja ya kurefusha maneno. Lakini yeyote anayeisoma habari ya Summerhill akakomea hapo, atakuwa ameiacha nusu iliyo na manufaa zaidi.

Nusu hiyo ni mkutano. Zaidi ya mara moja kwa wiki skuli nzima hukaa pamoja, waalimu na wanafunzi, na mwenyekiti huwa mwanafunzi. Kila aliyehudhuria ana kura moja: ya mtoto wa miaka sita ina uzito ule ule wa kura ya mkuu wa skuli. Hapo ndipo hutungwa sheria za maisha ya kila siku, nazo si chache: saa za kulala, wapi baiskeli ziendeshwe, nani aruhusiwe kwenda mjini na kwa masharti gani. Hapo pia ndipo huletwa mashitaka. Aliyechukua kitu cha mwenzake bila ruhusa husimama akasikilizwa, kisha hutozwa faini katika pesa zake za matumizi, au hukosa kitamutamu baada ya chakula. Kabla ya jambo kufika mkutanoni wapo wanafunzi wakubwa waliochaguliwa kusuluhisha, ambao mdogo aliyeonewa anaweza kuwaendea saa yoyote. Neill mwenyewe aliwahi kuleta mapendekezo yake na kushindwa kwa kura, akayameza. Na kiboko hakikuwemo. Uingereza ilikipiga marufuku katika skuli zote za binafsi za England mwaka 1999. Summerhill ilikuwa imekwisha kukaa bila ya hicho kwa karibu miaka 80.

Sisi tuliosoma masomo ya juu kwa Kiarabu tuliandika kurasa nyingi juu ya shura. Tulipambanua kauli za wanavyuoni: je, natija ya mashauriano humlazimu kiongozi, au humzindua tu kisha akafanya aonavyo? Tulitaja dalili za kila upande, tukatoa rai yenye nguvu zaidi, tukafaulu mtihani. Lakini hatukumbuki hata siku moja, katika miaka yote tuliyokaa chini ya waalimu, kuulizwa na mkubwa yeyote iwapo maji ya kutawadhia yanatosha. Wala sisi tulipopewa madaraka ya kusomesha hatukumuuliza mtu.

Sasa tuje kwa wahitimu. Summerhill nayo ina orodha yake. Yumo John Burningham, aliyefariki mwaka 2019, mchoraji na mtunzi wa vitabu vya watoto, aliyepata mara mbili nishani iliyokuwa ikiitwa Kate Greenaway, ambayo Waingereza humpa mchoraji bora wa vitabu hivyo, kwa vitabu vya mwaka 1963 na 1970. Yumo Storm Thorgerson, aliyejulikana duniani kwa majalada ya sahani za muziki, kazi ambayo jarida hili halitashughulika kuisifu. Na yumo mmoja ambaye Waislamu wana sababu ya kumtambua: Keith Critchlow, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2020. Huyu alitumia umri wake kuchunguza hesabu zilizofichika ndani ya nakshi, na mwaka 1976 akatoa kitabu kinachochambua michoro ya Kiislamu, mstari kwa mstari na duara kwa duara. Mwaka 1984 alianzisha katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa, London, idara ya kufundisha sanaa za Kiislamu na za jadi, wakati ambapo vyuo vingi vya sanaa vya Ulaya viliziona kama mapambo tu. Hata ule msikiti mkubwa wa Cambridge uliofunguliwa mwaka 2019, wenye nguzo za mbao zinazotanda juu kama matawi ya miti, wasanifu wake walishirikiana naye katika jiometria. Anayeswali pale anaswali chini ya mistari iliyopitiwa na mkono wa kijana wa Leiston.

Orodha inapendeza. Hata hivyo insafu inatulazimu kusema kwamba haithibitishi mengi. Wazazi wanaopeleka watoto wao Summerhill ni watu wenye fikra zao na, mara nyingi, wenye fedha zao, na huenda Burningham angelichora hata kama angelisoma kwengine. Mamia ya waliopita pale hawana majina yanayojulikana. Wameoa, wamefanya kazi, wamelea. Kwa hiyo tukitaka kuipima skuli ile, tuiache orodha tuitazame siku ilipopata msiba.

Mwaka 1999 wakaguzi wa serikali waliitembelea wakatoa taarifa kali. Waziri wa Elimu wa wakati huo, David Blunkett, akaitaka ijirekebishe, na katika yaliyolalamikiwa yalikuwemo mahudhurio ya darasani, na pia vyoo, kwa kuwa wavulana na wasichana, wakubwa na wadogo, walikuwa wakivitumia kwa pamoja. (Katika hili la vyoo, ndugu msomaji, sisi tuko na wakaguzi.) Skuli ilikataa, kwani kulazimisha masomo kungekuwa ndio mwisho wake. Shauri likasikilizwa London mwezi Machi 2000, katika jengo la Mahakama Kuu. Waliosoma zamani pamoja na wazazi walijitokeza kuitetea. Kabla ya wiki kwisha, wanasheria wa serikali wakaleta mapendekezo ya sulhu. Mawakili wa skuli wangeliweza kuyapokea wenyewe na kumaliza. Badala yake, watoto waliokuwepo walikaa katika chumba kile kile cha mahakama, wakafanya mkutano wao kama wanavyoufanya nyumbani, wakayajadili maneno ya sulhu, kisha wakapiga kura kuyakubali. Moja katika waliyoyapata ni kwamba wakaguzi watakaokuja baadaye wazingatie misingi ya skuli na wasikilize kauli za wanafunzi.

Tulipoisoma habari hii mara ya kwanza, hatukuifikiria Uingereza. Tulimfikiria mtoto mmoja.

Miaka kadhaa iliyopita, katika madrasa moja tuliyokuwa tukisomesha, pesa za ada zilipotea. Chumbani walikuwemo watoto watatu. Wawili walikuwa na baba zao katika kamati ya msikiti. Wa tatu alikuwa mtoto wa mama muuza maandazi, na kanzu yake ilikuwa na kiraka begani. Shaka ilimwangukia yeye kabla hajasema neno, na alipokana tuliona kukana kwake ni ujeuri. Alichapwa mbele ya wenzake, na bakora iliyomchapa ilikuwa katika mkono huu unaoandika. Siku ya tatu pesa zilionekana ndani ya daftari la mahudhurio. Sisi wenyewe ndio tuliozitia humo.

Tulikwenda kwa mama yake jioni, tukamtaka radhi uani kwake, naye akatusamehe na kutupa maandazi. Lakini mtoto mwenyewe hatukumtaka radhi mbele ya wale waliomwona akichapwa, kwa kuwa tulihofia heshima ya mwalimu isije ikashuka. Hakurudi tena. Alikuwa amehifadhi juzuu saba.

Leo mtoto yule ni mtu mzima, fundi wa mashine za boti, na wavuvi wengi wa pwani yetu hawatoki baharini salama ila kwa kazi ya mikono yake. Tukikutana naye sokoni hutoa salamu kwa adabu na kupita. Katika ukuta wa picha hayumo, wala haimpitikii mtu kwamba alipaswa kuwemo, kwa kuwa hesabu ya wahitimu wetu huanza kwa waliobakia. Tunamsimulia hapa kwa idhini ya nafsi zetu tu, ndiyo maana jina lake na la madrasa ile hatukuvitaja. Lau siku ile pangekuwepo majlisi ya watoto, mmoja wao pengine angeliuliza swali jepesi ambalo sisi hatukuliuliza: ustadh, umeangalia ndani ya daftari?

Watatuambia baadhi ya waalimu wenzetu kwamba watoto wa kwetu hawakuzoea, kwamba ukimpa mtoto ulimi leo kesho atakupandia kichwani, na kwamba heshima ndiyo ngao pekee aliyobakiwa nayo ustadh ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Hili la mshahara ni kweli tupu, na tutalirudia katika toleo lake. Lakini hatuombi madrasa zigeuzwe Summerhill. Darasa litabaki la lazima, swala itabaki na wakati wake, na mwalimu atabaki mwalimu. Tunachokisema ni kwamba nyumba wanamolala, wanamokula na wanamogombana watoto haiwezi kuendeshwa miaka nenda miaka rudi bila ya kusikia kutoka kwao.

Mahali tunaposomesha hivi sasa tumeanza kwa uchache. Kila Jumatano baada ya Alasiri wanafunzi hukaa robo saa, mmoja wao akiongoza, na waalimu hukaa chini pamoja nao. Tulidhani jambo la kwanza watakaloliomba ni mpira. Binti wa darasa la nne alisimama akasema kwamba mlango wa choo cha wasichana hauna komeo tangu mwaka jana, na kwamba wao huenda wawili wawili ili mmoja aushike. Katika waalimu sote hakuna aliyekuwa akijua. Wakapiga kura komeo linunuliwe kabla ya kukodiwa vipaza sauti vya mahafali. Mudiri alikuwa na hoja zake juu ya bajeti, akashindwa, na Jumamosi komeo likatiwa.

Na kwa fundi wa boti tumepeleka barua. Tumemwomba aje siku ya mahafali akae katika safu ya waliosoma, nasi tupate nafasi ya kusema mbele ya watu yale tuliyopaswa kuyasema siku ile mbele ya watoto. Hadi tunakwenda mitamboni hajajibu.