Mpira na Jamii Katika Kisiwa cha Morisi

Katika Bahari ya Hindi, mashariki ya Bukini, kipo kisiwa kidogo cha Morisi, kilichopata uhuru mwaka 1968. Ligi yake kuu ya mpira ilianza mwaka 1935, na kwa miaka mingi kila jamii ilikuwa na timu yake. Dodo ilikuwa ya Wazungu wenye asili ya Ufaransa, Hindu Cadets ya Wahindu, Muslim Scouts ya Waislamu, na Fire Brigade, yaani Zimamoto, ilipendwa na Wakrioli. Viwanja vilijaa, kwani kila mtu alishangilia watu wa damu yake.

Hatari yake haikufichika. Katika miaka ya 1980 serikali ilitaka majina ya dini yaondolewe, na Muslim Scouts wakawa Scouts Club. Lakini kubadili jina si kubadili moyo. Tarehe 23 Mei, 1999, Fire Brigade waliwashinda Scouts bao 1 kwa 0 katika mchezo wa kugombea ubingwa. Ghasia zikazuka, nyumba ya kamari ya L'Amicale mjini Port Louis ikatiwa moto, na watu 7 wakafa, wakiwamo watoto.

Ligi ikasimamishwa. Iliporudi, vilabu vilikuwa vya miji na wilaya, kama vile AS Port-Louis 2000. Amani ikapatikana, lakini watazamaji wakapungua sana, wengi wakipendelea kutazama mpira wa Uingereza katika televisheni.

Wako wanaosikitikia viwanja vitupu, nao wana haki. Hata hivyo kiti kitupu chaweza kupata mtu tena, aliyekufa harudi.