Matope ya Ziwa Yatushtaki Sisi wa Milimani

Kila maji ya Ghuba ya Winam yanapogeuka kijani na samaki wakaelea wamekufa, sisi tuishio huku Nyansiongo huwalaumu watu wa Kisumu na maji taka yao, au mbuta. Mimi mwenyewe nimewafundisha wanafunzi hivyo kwa miaka mingi. Leo nalazimika kuyafuta maneno hayo ubaoni, kwani matope ya Ziwa Victoria yatoa ushahidi mwingine.

Mashahidi ni diatomu, viumbe vidogo vya majini visivyoonekana ila kwa hadubini. Kila diatomu hujijengea gamba la silika. Ikifa huoza, lakini gamba huzama na kubaki. (Mwalimu aliyefika Kariandusi, karibu na Gilgil, ameyashika magamba hayo mkononi: ndiyo ule udongo mweupe.) Tabaka hulala juu ya tabaka, na kwa kuwa kila aina ya diatomu ina maji iyapendayo, achimbuaye matope kwa bomba huisoma hali ya maji ya zamani kama asomaye daftari la mahudhurio.

Mwaka 2002 Dirk Verschuren na wenzake walichapisha walichokisoma. Rutuba ya ziwa ilianza kuzidi katika miaka ya 1930, sambamba na ongezeko la watu na kilimo. Mbuta alitiwa ziwani miaka ya 1950! Diatomu zilistawi miaka 50 hivi, zikaizika silika sakafuni hadi ikaadimika majini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mwani wa buluu-kijani, usiohitaji silika, ukatawala. Oksijeni ya kilindini ilikuwa imeanza kupungua tangu mapema miaka ya 1960.

Sikatai kwamba mbuta aliwala fulu, wala sitetei maji taka. Lakini fosforasi husafiri imeshikamana na udongo, na udongo huteremka na mto Sondu kutoka Kericho, kulikopandwa chai tangu miaka ya 1920, na kutoka huku kwetu, ambako mashamba ya walowezi yaligawiwa wananchi baada ya uhuru.

Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilikataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 za ukingo wa mto. Walimu wenzangu, nendeni na wanafunzi mkapime. Kwangua pia ule utelezi wa kahawia juu ya mawe, muuweke chini ya hadubini, diatomu zimo. Mkianzia kijito kilicho chini ya nyumba yangu, mtaikuta sukuma wiki hatua mbili kutoka majini. Niliipanda mimi, na msimu huu naing'oa.