Kompyuta ikiganda, kumbukumbu za wakulima zisipotee

Vyama vingi vya msingi vya ushirika, SACCOS na maduka ya pembejeo siku hizi vina kompyuta ofisini. Hilo ni jambo la kupongezwa. Mihtasari ya mikutano, orodha za wanachama, kilo zilizopokelewa ghalani na barua za kuomba mkopo huandikwa humo. Shida huanza pale karani anapotaka kuhifadhi kazi yake: ukurasa unapauka, kiduara kinazunguka bila kukoma, na mashine haisikii tena amri yoyote. Kwa lugha ya mtaani, kompyuta imeganda.

Kinachofuata ndicho kinachowagharimu wakulima. Karani anazima mashine kwa kitufe, kazi ya siku nzima inapotea, kisha anaitwa fundi. Fundi naye, kwa kutaka kumaliza haraka, "anapiga Window", yaani anafuta na kupakia upya kila kitu. Kama hakuhamisha nyaraka kwanza, kumbukumbu za msimu mzima zinaondoka. Chama kinamlipa fundi, halafu kinalipa tena posho za watu wa kuandika upya orodha. Mkulima ambaye kilo zake hazionekani anaambiwa asubiri malipo, wakati ada ya shule haisubiri.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingi ugonjwa wenyewe hauhitaji dawa kali kiasi hicho. Programu kama Microsoft Word inapohifadhi, huandika kwanza nakala ya muda, kisha huiweka mahali pa ile ya zamani. Kwa hiyo inahitaji nafasi ya kutosha, na inahitaji diski inayojibu haraka. Diski ikijaa, au ikiwa mbovu, programu inabaki inasubiri.

Mtuhumiwa wa kwanza ni flash. Makarani wengi hufungua waraka ukiwa ndani ya flash, huuandika humo humo na kuuhifadhi humo humo. Flash ikiwa imechoka, ina virusi, au imechomolewa ovyo mara nyingi, kuganda si ajabu. Utaratibu salama ni kuhifadhi kwanza kwenye diski ya kompyuta, kufunga waraka, kisha kunakili kwenye flash.

Wa pili ni uzito wa waraka wenyewe. Picha moja ya simu inaweza kufikia megabaiti 4. Ripoti yenye picha 30 za namna hiyo itakaribia megabaiti 120, mzigo mkubwa kwa kompyuta ya zamani. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kubandikwa. Kosa jingine ni kuweka wanachama wote, misimu yote, katika jedwali moja refu la Word. Hesabu za kilo na fedha mahali pake ni Excel au programu ya aina hiyo, na kila msimu uwe na faili lake.

Wa tatu ni programu yenyewe kuharibika pembeni. Word ikifunguliwa huku kitufe cha Ctrl kimeshikiliwa, itauliza kama ianze katika hali salama, bila viongezo vyake. Ikihifadhi vizuri katika hali hiyo, kosa huenda liko kwenye viongezo, ambavyo vinaweza kuzimwa kimoja kimoja, au kwenye faili la kiolezo liitwalo Normal.dotm. Faili hilo likibadilishwa jina Word ikiwa imefungwa, programu hujitengenezea jipya. Katika yote haya hakuna haja ya kupiga Window.

Na mashine ikiganda, karani asikimbilie kitufe. Asubiri dakika kadhaa, kwa sababu wakati mwingine diski inajikongoja na kazi inakamilika. Ikishindikana, aifunge Word peke yake, aifungue tena na kutazama kama imeokoa nakala. Word huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10 isipopangiwa vingine, na muda huo unaweza kupunguzwa hadi dakika 2 au 3.

Wapo wanaosema dawa ni kununua kompyuta mpya. Chama chenye uwezo kinunue, lakini karani atakayeendelea kuandikia ndani ya flash mbovu ataigandisha hata hiyo mpya. Wengine wanasema heri kurudi kwenye daftari. Daftari nalo huliwa na mchwa, hulowa mvua, na huondoka na katibu aliyegombana na wenzake. Stakabadhi ya karatasi ya kila mzigo uliopokelewa ibaki kuwa msingi, na kompyuta iwe msaada wa kujumlisha na kutafuta. Kimoja kisiue kingine.

Kwa asiyemudu leseni, LibreOffice inapatikana bure na inafungua nyaraka nyingi za Word. Hata Kiswahili si kigeni katika fani hiyo: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotumia lugha yetu.

Hata hivyo, dawa kubwa iko mikononi mwa wenye mali. Wanachama hudai kuonyeshwa hesabu na mizani, lakini ni mara chache kusikia mtu akiuliza katika mkutano mkuu: nakala za kumbukumbu zetu ziko wapi, na nani anazitunza? Umefika wakati swali hilo liwe ajenda. Nakala moja ibaki kwenye kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, na ya tatu nje ya ofisi, kwa mtu aliyeteuliwa kwa maandishi. Nakala zichukuliwe kila Ijumaa, na wakati wa mavuno kila jioni. Fundi asiguse mashine kabla mwenyekiti au katibu hajathibitisha kwamba nyaraka zimehamishwa.

Gharama ya utaratibu huo ni ndogo kuliko gunia lililopotea kwenye orodha. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la leo linaweza kuwa ndani ya kompyuta, lakini onyo lao halijabadilika.