Sauti ya Mfugaji na Lugha ya Mtetezi

Illasit, katika Kaunti ya Kajiado, ni mji wa mpakani unaopakana na Tarakea, nchini Tanzania. Mpaka wa wakoloni uliwagawa Wamasai katika nchi mbili, lakini Kiswahili huwawezesha kuuza, kununua na kuelewana na jirani zao wa pande zote. Haki za Wamasai hao zinapojadiliwa kimataifa, lugha hiyo huachwa mlangoni.

Mfano ni Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Mwaka 2017, vijiji vinne vilifungua kesi katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha, kupinga kuondolewa katika ardhi yao. Juni 2022, serikali ilipoweka vigingi ili kutenga kilomita za mraba 1,500 kwa uhifadhi, yalizuka makabiliano. Askari polisi mmoja aliuawa, wanavijiji walijeruhiwa na wengine wakakimbilia Kenya. Asasi za kiraia zilipaza sauti, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakatoa tamko mwezi huohuo. Kesi ilitupwa Septemba 2022. Novemba 2023, Kitengo cha Rufaa kikaamuru isikilizwe upya.

Ni dhahiri kwamba asasi hizo ziliufikisha mgogoro mbali. Hata hivyo, Mkataba wa Jumuiya wa mwaka 1999 ulikitaja Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Mahakama, na matamko yanayolenga mataifa ya nje huandikwa kwa Kiingereza hichohicho. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini mfugaji asiyejua Kiingereza atathibitishaje kwamba yaliyosemwa kwa niaba yake ndiyo aliyoyasema?

Huenda ikadaiwa kwamba Kiingereza ndicho kinachosikika Geneva na Brussels. Hoja hiyo ina uzito, ila haizuii tamko kurudi kijijini kwa Kiswahili na Kimaasai, wenyewe walisahihishe kabla halijatumwa. Aidha, Umoja wa Afrika ulikipitisha Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka 2022. Uamuzi huo utabaki mapambo iwapo idara za Kiswahili hazitawaandaa wafasiri na wakalimani wa sheria.

Utetezi usioeleweka kwa anayetetewa humnyima haki ya kwanza kabisa: kuwa shahidi wa maisha yake mwenyewe.